Kabla Mteja Hajasaini

Kazi ya kwanza niliyopewa nilipoanza uwakili ilikuwa kutafuta majina. Mteja mpya akibisha hodi ofisini, kabla hajaanza kueleza shida yake, majina yaliletwa kwangu: lake, la mwenzi wake, la kampuni anazomiliki, na la yule anayevutana naye. Mimi nikayapekue kwenye majalada yaliyo wazi na yaliyofungwa, nione kama tumewahi kumtetea mmoja wao, au kumshtaki, au kumwandikia wosia shangazi yake. Niliiona kazi ya karani, na kimoyomoyo nilinung'unika kwamba sikusomea sheria nije kupekua madaftari.

Baadaye ndipo nilipoelewa kwa nini ilifanywa kabla mteja hajafungua mdomo. Mtu akishakusimulia kisa chake kwa matumaini kwamba utakuwa wakili wake, siri yake umeshaibeba, hata kama hakukulipa chochote na mkaachana pale pale mlangoni. Ukigundua nusu saa baadaye kwamba anayegombana naye ni mteja wako wa miaka yote, unaweza kujikuta huwezi kumtetea yeyote kati yao. Kwa hiyo majina kwanza, kisa baadaye. Nimewaona mawakili wazuri kuliko mimi wakiruka hatua hiyo kwa sababu mgeni alikuja na shida ya haraka, na shida ya haraka ndiyo hasa inayomfanya mtu amwage kila kitu kwa pumzi moja.

Watu wakisikia mgongano wa maslahi, hufikiria wakili mmoja amesimama mahakamani akimtetea mdai asubuhi na mdaiwa mchana. Hilo ni nadra, na likitokea hakuna saini ya mteja inayoweza kulihalalisha. Migongano niliyokutana nayo mimi ilikuja ikitabasamu. Ilikuja na watu wanaopendana, waliofika pamoja, wanaotaka kupunguza gharama.

Ninawakumbuka kaka na dada waliorithi biashara ya wazazi wao. Kaka ndiye aliyekuwa akiiendesha; dada alikuwa na kazi yake kwingine. Walikuwa wamekubaliana kaka anunue nusu ya dada, amlipe kwa awamu, yaishe. "Wakili, sisi hatuna ugomvi," kaka alisema. "Ni mtu na dada yake. Wewe tuandikie tu tuliyokubaliana." Dada akaitikia kwa kichwa. Karatasi ya ridhaa ilikuwa mezani tayari, imechapwa, inasema kwamba wameelezwa juu ya uwezekano wa mgongano wa maslahi na kwamba wamekubali niwasimamie wote wawili. Wangesaini na kuondoka ndani ya robo saa, na wangenishukuru.

Niliisogeza pembeni, maana maneno "uwezekano wa mgongano" hayamwambii mtu kitu. Nikawaambia nitawaeleza kwa kutumia jambo lao wenyewe. Nikamgeukia dada: wakili wako peke yako angekushauri udai dhamana, na uandikishe kwamba awamu moja ikikosekana deni lote linadaiwa siku hiyo hiyo. Nikamgeukia kaka: wakili wako peke yako angekushauri uyakatae yote hayo, na umtake dada yako asifungue biashara kama hii kwa muda fulani. Mimi nikiwa wa nyote wawili, simsukumi mmoja dhidi ya mwenzake. Nitaandika mliyokubaliana, na mtego nitakaouona nitawaonyesha wote kwa pamoja, ila hakuna nitakayempigania.

Dada akanyamaza kidogo. "Kwa hiyo nikikuuliza kama bei hii inanifaa, hutanijibu?"

"Sitakujibu, dada yangu."

"Na nikikunong'oneza kwamba nina shaka na mahesabu?"

"Usininong'oneze. Ukiniambia jambo linalomhusu kaka yako katika biashara hii, siwezi kumficha. Na mkija kushtakiana kesho, haya tunayoongea hapa hayatakuwa siri kati yenu."

"Sasa wewe utakuwa unanisaidia nini?"

Lilikuwa swali sahihi kabisa. Waliondoka, na kila mmoja akatafuta wakili wake. Kaka alinipigia simu baadaye akanilaumu kwamba nimempandia dada yake mashaka. Sikubishana naye, ingawa kwa nilivyomwona dada siku ile, mashaka alikuja nayo kutoka nyumbani. Alikuwa hajapata tu pa kuyasemea. Tangu hapo mteja anayekataa hanishtui. Kinachonitia wasiwasi ni ofisi inayojisifu kwamba wateja wake wote huwa wanakubali. Pengine ina bahati ya wateja. Mimi nadhani haijawaeleza.

Wapo wanaoona kwamba ukali huu unamnyima mtu wa kawaida huduma ya bei nafuu, na hoja hiyo si ya kupuuzwa. Louis Brandeis, alipopendekezwa kuwa jaji wa Mahakama ya Juu ya Marekani mwaka 1916, alihojiwa vikali kwa tabia yake ya kuwasimamia watu wenye masilahi tofauti katika jambo moja, akijiona kama wakili wa hali nzima badala ya wakili wa mtu mmoja. Alithibitishwa, na akawa mmoja wa majaji wakubwa wa nchi ile. Nina heshima kwa wazo lake. Kuna familia na washirika wa biashara ambao wakili mmoja mwenye busara huwasaidia kuliko mawakili wawili wenye hamu ya vita. Lakini yeye ndiye aliyejua ni wakili wa nani, na malalamiko yaliyomfuata yalitoka kwa mtu aliyedai kwamba hakujua.

Kanuni za kazi yetu zimejaribu kuziba pengo hilo. Kanuni za Mfano za Chama cha Mawakili wa Marekani, zilizotolewa mwaka 1983 na kurekebishwa mwaka 2002, zinaruhusu wakili kuendelea penye mgongano, lakini kwa masharti: awe ana sababu ya kuamini kwamba anaweza kumhudumia kila mteja kwa umahiri na bidii, sheria isiwe inakataza, wateja hao wasiwe wanadaiana katika shauri hilo hilo moja, na kila mmoja awe ametoa ridhaa baada ya kuelezwa, nayo ithibitishwe kwa maandishi. Watu wengi hulikumbuka la mwisho tu, kwa sababu ndilo linaloacha karatasi. Mimi husisitiza kwamba yanasomwa kwa mpangilio. La kwanza linamhusu wakili na dhamiri yake kabla mteja hajaulizwa lolote. Kama mwenyewe huamini kwamba unaweza, huna haki ya kumpelekea mteja swali hilo akusaidie kulibeba.

Na kueleza kwenyewe kuna kipimo. Kanuni hizo zinataka mteja apewe taarifa za kutosha juu ya hatari zenye uzito na juu ya njia nyingine alizonazo. Hilo la njia nyingine ndilo tunalolisahau. Tunazungumzia hatari kwa sauti ya kupita, kisha tunatoa kalamu, kana kwamba mlango wa kutokea haupo.

Shauri ninalolirudia mara kwa mara lilianzia New Zealand na likaishia Privy Council, London, iliyokuwa wakati ule mahakama ya mwisho ya rufaa za nchi ile, mwaka 1993: Clark Boyce dhidi ya Mouat. Mama mtu mzima aliweka nyumba yake rehani ili mwanawe apate mkopo. Wakili aliyemzoea yule mwana alikataa kulishughulikia, wakaenda kwa mwingine, naye akawasimamia wote wawili. Huyu alimweleza mama kwamba mwana akishindwa kulipa nyumba inaweza kwenda, na alimshauri zaidi ya mara moja atafute wakili wake mwenyewe. Mama alikataa, alimwamini mwanawe. Mwana akafilisika, mama akamshtaki wakili. Akashindwa. Majaji walisema alijua mgongano upo, alijua wakili aliyefungwa pande mbili huenda asiweze kumwambia yote anayoyajua wala kumpa ushauri unaomuumiza mwenzake, na hata hivyo akachagua kuendelea. Hakuwa ametaka ushauri kama ni busara kumdhamini mwanawe. Alitaka shughuli za rehani zikamilishwe.

Kisheria sioni kosa katika uamuzi ule, na nimewahi kuutegemea. Hata hivyo kila nikiusoma najiuliza kama mama yule angekataa wakili wa peke yake iwapo mwanawe asingekuwa amehusika kumfikisha pale. Kuna mambo ambayo mzazi hawezi kuyauliza mbele ya mtoto wake. Majaji wa House of Lords, iliyokuwa wakati ule mahakama ya juu kabisa ya Uingereza, waliligusa jambo la jirani na hili mwaka 2001, katika kesi ya Etridge, iliyohusu wake walioweka nyumba dhamana kwa madeni ya biashara za waume zao. Walitaja angalau nini wakili anapaswa kufanya: amweleze mke hati ni za nini na zitamfanyia nini akisaini, amweleze uzito wa hatari, amweleze waziwazi kwamba ana hiari ya kukataa, kisha amuulize kama bado anataka kuendelea. Na mazungumzo hayo yawe ana kwa ana, mume asiwepo, kwa lugha isiyo ya kitaalamu. Haikuwa kesi ya ridhaa kwa mgongano wa wakili, lakini mimi nimeichukua nzima nzima na kuifanya utaratibu wangu. Nikiwa na wateja wawili wanaotaka kuwa wangu kwa pamoja, maelezo ya jumla nayatoa kwa wote, kisha kila mmoja abaki na mimi peke yake kwa swali moja tu: unataka kuendelea hivi? Wanakuwa wameambiwa kabla kwamba katika dakika hizo mbili hakuna siri.

Mgongano mwingine huja umevaa sare ya mwajiri. Kampuni imekuajiri uchunguze jambo, unakaa na mfanyakazi wake, naye anakuona wewe ni wakili wake. Amevaa vizuri, ana hofu, na ndani ya dakika tano anaanza kukiri. Kesi ya Upjohn, iliyoamuliwa na Mahakama ya Juu ya Marekani mwaka 1981, ilithibitisha kwamba mazungumzo ya namna hiyo yanaweza kulindwa kama siri kati ya wakili na kampuni. Siri hiyo basi ni ya kampuni, na kampuni ikitaka kuifungua kesho haimuombi ruhusa mfanyakazi. Ndiyo maana siku hizi wakili mwangalifu huanza kwa onyo: mimi ni wakili wa kampuni, si wako. Nimejifunza kulitoa onyo hilo kabla ya salamu kuwa ndefu, na kulirudia mtu anapoanza kuniambia "wakili wangu". Mmoja aliniuliza, "Kwa hiyo nisiseme?" Sikuweza kumjibu hilo pia, maana nalo lilikuwa ushauri. Nilimwambia ana haki ya kutafuta wakili wake, nikafunga kalamu nikasubiri. Alinitazama kama mtu aliyemwona daktari akivua koti jeupe.

Lakini lililonisumbua kuliko yote ni pale ambapo huwezi kueleza kabisa.

Alikuja mtu mmoja kutaka tumsimamie katika mkataba mkubwa na mshirika mpya. Majina yalipopekuliwa, yule mshirika alionekana kwenye jalada letu lililofungwa. Na ndani ya jalada lile kulikuwa na jambo ambalo, kama mimi ningekuwa huyu mgeni, ningetaka kulijua kabla ya kuweka hata shilingi. Ofisini tulijadili. Mwenzetu mmoja alisema tuombe ridhaa: tumwambie mgeni kwamba tuliwahi kumhudumia mshirika wake, asaini, tuendelee. Wakili mwandamizi alimuuliza, "Asaini nini? Atakubali hatari gani, wakati hatari yenyewe huruhusiwi kuitaja?" Tungeweza kumwomba mteja wa zamani ruhusa ya kufungua siri yake, lakini hata kumwomba kungemjulisha kwamba mshirika wake yuko kwa mawakili. Ilibaki kukataa.

Nikatumwa mimi kumwambia. Nilimwambia hatuwezi kulipokea shauri lake. Akauliza kwa nini. Nikasema siwezi kueleza. Akauliza kama kuna jambo baya. Nikasema siwezi kueleza, na kwamba asichukue ukimya wangu kuwa ndiyo wala hapana; ningemjibu hivyo hivyo kwa yeyote. Alikasirika, akasema mawakili wote ni wale wale. Nilimwelewa.

Wapo waliofanya kinyume. Katika Hilton dhidi ya Barker Booth and Eastwood, House of Lords, 2005, ofisi ya mawakili iliwasimamia pande zote mbili za biashara ya majengo, huku ikijua kwamba mmoja wao aliwahi kufungwa kwa makosa ya udanganyifu yaliyohusiana na kufilisika kwake. Haikumwambia mwenzake. Biashara ikaanguka, mwenzake akaanguka nayo. Utetezi wa ofisi ulikuwa kwamba ilibanwa na wajibu wa kutunza siri. Majaji waliukataa: aliyejiingiza mwenyewe kwenye wajibu mbili zinazopingana hawezi kuutumia mmoja kama ngao dhidi ya mwingine. Maelezo rasmi ya Kanuni za Mfano nayo yanasema hivyo hivyo kwa upande wa ridhaa: kama mteja mmoja hataki jambo lake lifunuliwe, na bila kulifunua mwingine hawezi kuamua kwa ufahamu, wakili hana haki hata ya kuomba.

Hapo ndipo wateja wakubwa na ofisi kubwa zilipobuni ridhaa ya mapema: unapojiunga nasi leo, unakubali kwamba huko mbele tunaweza kuwatetea watu wanaopingana nawe katika mambo mengine. Siipingi moja kwa moja. Kampuni yenye mawakili wake wa ndani, inayosaini mikataba kila wiki, inajua inachokubali. Ila mwaka 2018 Mahakama ya Juu ya California ilikutana na ridhaa ya aina hiyo ambayo mteja alisaini ikiwa na maneno ya jumla, wakati siku ile ile ofisi ilikuwa tayari na mteja mwingine aliyekuwa mpinzani wake katika kesi yenyewe, na haikumwambia. Mgongano haukuwa wa kubahatisha wa baadaye. Ulikuwa kwenye jalada la chumba cha pili. Mahakama ilisema ridhaa hiyo haitoshi na mkataba wa huduma hautekelezeki, ingawa mawakili walikuwa wameshafanya kazi ya takriban saa 10,000. Mawakili wengi huisimulia hadithi hii kwa huzuni ya malipo. Mimi naisoma kama hadithi ya mtu aliyekuwa na sentensi moja tu ya kusema, akaandika ukurasa mzima badala yake.

Kuhusu mfuko wa wakili nitasema machache, kwa kuwa kila mtu anajua ila hakuna anayependa kulijadili. Anayemweleza mteja hatari za mgongano ni yule yule atakayepoteza ada mteja akiogopa. Sijui njia ya kuliondoa hilo. Ninachofanya ni kumtaka mwenzangu asiyegusa jalada lile asome barua kabla haijatoka, na mara nyingi anapigia mstari maneno kama "kwa kawaida" na "si rahisi kutokea". Yanafutwa.

Hata ridhaa iliyo safi haidumu milele. Mteja anaweza kuiondoa katikati ya safari, na wakati mwingine mahakama yenyewe huikataa. Mahakama ya Juu ya Marekani ilisema mwaka 1988, katika kesi ya Wheat, kwamba jaji wa kesi ya jinai anaweza kukataa wakili mmoja kuwatetea washtakiwa kadhaa hata kama wao wamekubali. Kwa hiyo barua yangu ina sehemu ya siku ya kuachana: nani atabaki na wakili, nyaraka zitagawanywaje, na kwamba kwa kawaida jibu la swali la kwanza ni hakuna atakayebaki. Sehemu hiyo ndiyo inayoulizwa maswali mengi kuliko zote.

Nikimaliza kueleza huwa naomba mteja anirudishie kwa maneno yake, bila kutazama karatasi. Washirika wawili wa biashara walinifanyia hivyo si muda mrefu uliopita. Wa kwanza alirudia aya yangu karibu neno kwa neno, na sikuridhika. Wa pili, aliyekuwa kimya muda wote, akasema: "Nimeelewa kwamba sisi wawili tukigombana, wewe utatukimbia wote, tutalipa mawakili wapya, na haya tuliyokuambia yatasemwa." Wa kwanza akamgeukia, "Eti utatukimbia wote?" Nikasema ndiyo. Wakaomba wakazungumze nje. Waliporudi walikuwa wamekubali, kwa sharti moja: nifute aya yangu na niweke ile sentensi jinsi ilivyosemwa. Nikaifuta.